Kisanduku hakipo: jibu kwa wanaosema abiria hawajui mtandao

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako lilichapisha habari ya abiria wanaopanga foleni kukata tiketi dirishani kwenye kituo cha mabasi cha Mbezi, ilhali tiketi hizo hizo zinauzwa mtandaoni. Aliyehojiwa alitoa sababu kwa mkato: wananchi wetu bado hawajazoea teknolojia. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu kauli hiyo naijua kwa ndani. Kazi yangu ni kupima programu kabla hazijamfikia mtumiaji. Nimeifanya miaka kumi na miwili hapa Dar es Salaam, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo na mimi nilikuwa nasema vivyo hivyo. Aliyenitoa huko ni mwalimu mstaafu aliyekuwa anatafuta tiketi ya kwenda Rombo.

Ilikuwa Desemba, wiki mbili kabla ya Krismasi, majira ambayo kila Mchaga aliyeko Dar ana safari na kiti kimoja cha kwenda Moshi kina wagombea watatu. Ofisi niliyokuwa nafanyia kazi ilikuwa imeijengea kampuni moja ya mabasi tovuti ya kukatia tiketi. Unachagua safari na kiti, unaandika jina na namba ya simu, unafika kwenye ukurasa wa malipo. Anayelipa kwa simu anatumiwa ujumbe aweke namba yake ya siri. Anayelipa kwa kadi ya benki anaandika tarakimu za kadi kwenye kisanduku, kisha anabonyeza kitufe cha kijani cha kuthibitisha.

Wapimaji tulikuwa wawili, na hatukuwa tunabofya kwa mkono. Tuliandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe: fungua kivinjari, chagua Dar kwenda Moshi, chukua kiti namba 14, andika jina, bonyeza, soma kilichojitokeza. Kikiwa ndicho, weka alama ya kijani. Kikiwa sicho, nyekundu. Skripti hizo zilikimbia kila siku saa nane usiku, na asubuhi tulikuta orodha inatusubiri. Siku zile orodha ilikuwa kijani kutoka juu hadi chini.

Mimi nilikuwa Mbezi kwa shughuli zangu, namsindikiza mpwa wangu aliyekuwa anakwenda Korogwe. Mbele yetu kwenye dirisha la kampuni ile alisimama mama mmoja, kitenge begani, simu mkononi, anabishana na binti wa tiketi.

"Mama, si uliambiwa uandike namba za kadi kwenye kisanduku?"

"Kisanduku hakipo, mwanangu. Ningekiona ningeandika."

Nikamsogelea. Shikamoo mama, naomba nione. Marahaba, akasema, ona mwenyewe, akanipa simu. Chini ya maneno "Lipa kwa kadi" palikuwa na mstatili wa kijivu. Katikati yake kichoro cha karatasi chenye uso wa huzuni, na chini ya kichoro sentensi ya Kiingereza ikisema kwamba anwani fulani, ya wale wanaochakata malipo, imekataa kuunganishwa. Chini zaidi kikang'aa kitufe chetu cha kijani. Mama akanigusa mkono: "Sasa niandike wapi? Juu ya hii karatasi iliyonuna?" Alikuwa amekibonyeza kile kitufe siku tatu mfululizo.

Nilikaa kwenye benchi nikafungua laptopu. Matokeo ya usiku uliopita: malipo ya kadi, imefaulu.

Ndugu Mhariri, hapa inabidi nieleze fremu ni nini, maana jambo lote limelala hapo. Bahati nzuri mkazi yeyote wa Dar es Salaam neno hilo analo. Mwenye nyumba aliyejenga kando ya barabara anaacha vyumba vya mbele vyenye milango inayotazama nje, anavipangisha. Hizo ndizo fremu. Ukipita unaona jengo moja, rangi moja, bati moja. Lakini fremu ya muuza dawa ina ufunguo wake, kufuli lake na bidhaa zake, na mwenye nyumba akiwa sebuleni kwake hana pa kuchungulia ajue rafu zimejaa au ziko tupu. Ukurasa wa tovuti nao uko hivyo. Msanifu anaweza kuacha nafasi ndani ya ukurasa wake na kuweka humo ukurasa mwingine mzima unaotoka kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, ya mtu mwingine: ramani, video, au kile kisanduku cha namba za kadi. Msomaji anaona ukurasa mmoja. Kivinjari kinaona kurasa mbili, kila mmoja na mlango wake. Lugha ya HTML, ambayo kurasa za mtandao huandikwa kwayo, iliipa fremu ya namna hii nafasi rasmi tangu toleo la 4.0, mwaka 1997, na ingawa mengi ya zama zile yameshatupwa, hii imebaki, kwa sababu ina kazi.

Skripti ya kupima tovuti inakaa sebuleni. Ukiiambia "tafuta kisanduku cha namba ya kadi" itatafuta kwenye ukurasa mkubwa tu, itarudi na jibu kwamba hakipo, hata kama wewe unakiona kwa macho yako. Lazima kwanza uiambie iingie kwenye fremu, ifanye kazi yake humo, kisha uiambie itoke. Ikisahau kutoka, itakuwa imefungiwa dukani: utaiagiza ibonyeze kitufe cha kuthibitisha, ambacho kiko nje, na itakujibu kuwa kitufe hakipo. Vijana ninaowafundisha hupoteza siku nzima hapo, wanakagua kitufe ambacho hakina kosa lolote.

Na kuingia kwenyewe kuna shida zake. Sisi mwanzoni tulikuwa tunaiita fremu kwa hesabu, fremu ya kwanza kwenye ukurasa, ambayo kwa kompyuta ni namba sifuri. Idara ya masoko ikaweka kidirisha cha kuongea na wateja pembeni, nacho ni fremu, hesabu ikahama, skripti ikawa inatafuta tarakimu za kadi ndani ya kidirisha cha mazungumzo. Tukarekebisha. Kisha ikaja shida ya muda. Ukurasa mkubwa unafika kwanza, fremu inafika baadaye, na vilivyomo ndani ya fremu vinafika baadaye zaidi, kwa sababu vinatoka seva nyingine. Skripti inayoingia mapema inakuta chumba kitupu. Tukaiambia isubiri sekunde tano. Usiku mwingine zilitosha, usiku mwingine hazikutosha. Benki inapotaka kuhakikisha kwamba mwenye kadi ni wewe, inaleta ukurasa wake wa kuandika namba ya mara moja inayotumwa kwenye simu, na ukurasa huo nao mara nyingi unakaa ndani ya ile fremu ya kwanza. Fremu ndani ya fremu. Unaingia mlango wa kwanza, unaingia wa pili, unaandika, na ukiwa bado umo benki inafuta kila kitu na kuchora upya, na skripti inabaki imeshikilia kitu ambacho hakipo tena.

Matokeo yake tukawa na jaribio ambalo Jumatatu kijani, Jumanne jekundu, Jumatano kijani, na hakuna mtu aliyegusa chochote. Anayefanya kazi hii anajua jaribio la aina hiyo linavyomla mtu. Kwanza unalichunguza. Kisha unalirudia tu mpaka likubali. Mwisho hakuna anayeliamini, na siku likisema kweli hakuna anayelisikiliza.

Mimi ndiye niliyependekeza tulimalize. Nilisema: hatuna sababu ya kupima mfumo wa wachakataji malipo, si wetu. Tutengeneze ukurasa wa bandia, wenye kisanduku kama cha kwao, tuuweke kwenye seva yetu wenyewe, na usiku skripti ziandike humo. Wakubwa wakakubali. Tovuti halisi, ile inayotumiwa na abiria, nikaiachia swali moja tu la kila usiku: je, kwenye ukurasa wa malipo fremu ipo na inaonekana? Ikiwa ipo, kijani.

Ilikuwepo kila usiku. Mstatili wa kijivu wenye karatasi iliyonuna nao ni fremu: una upana, una urefu, unaonekana. Hata ile ishara ambayo kivinjari hutoa kusema fremu imeshapakiwa hutolewa pia pale mlango ulipofungwa, na imefanywa hivyo makusudi, ili tovuti ya nje isipate namna ya kupeleleza kinachoendelea ndani ya nyingine. Niliuliza kama duka lina mlango. Sikuuliza kama muuzaji yumo.

Chanzo cha kufungwa kilikuwa kidogo cha kusikitisha. Kampuni ya mabasi ilikuwa imehamisha ukurasa wa tiketi kwenye anwani mpya. Wachakataji malipo wanapotuma ukurasa wao huambatanisha agizo kwa kivinjari: ruhusu anwani hizi tu kunipachika, nyingine zote kataa. Anwani yetu mpya haikuwemo kwenye orodha yao, na hakuna aliyewapelekea barua ya kuomba iongezwe. Agizo lenyewe ni la busara. Mwaka 2008 watafiti wawili wa usalama, Robert Hansen na Jeremiah Grossman, walionyesha jinsi tapeli anavyoweza kuchukua ukurasa halali, akaupachika kwenye fremu isiyoonekana, akaulaza juu ya kitufe cha uongo. Wewe unadhani unabonyeza "pokea zawadi", kumbe umebonyeza kitu kingine kabisa kwenye akaunti yako. Mwaka uliofuata vivinjari vikaanza kutii agizo la kukataa kupachikwa. Kwa hiyo kivinjari cha yule mama kilifanya kazi yake, na wachakataji walifanya yao. Sisi ndio hatukufanya yetu, kwa siku tisa, katika Desemba.

Kuna watakaosema basi fremu ziondolewe, kisanduku cha kadi kiwe cha kampuni yenyewe, mambo yaishe. Naomba wasisikilizwe. Fremu ile ndiyo inayofanya tarakimu za kadi ya mwalimu mstaafu zisipite kwenye seva ya kampuni ya mabasi hata sekunde moja. Zinatoka kwenye kidole chake kwenda moja kwa moja kwa wachakataji, waliobeba jukumu la kuzilinda kwa masharti makali yanayoitwa PCI DSS, yanayofuatwa na kila anayegusa kadi za malipo duniani. Masharti hayo yamezidi kukazwa: kuanzia 31 Machi 2025 mwenye ukurasa wa malipo anatakiwa ajue kila skripti (hapa si zetu za kupimia, ni maagizo yaliyomo kwenye ukurasa wenyewe) inayokimbia kwenye ukurasa huo, na awe na namna ya kugundua ukurasa ukichezewa. Mimi mwenyewe nisingeandika namba ya kadi yangu kwenye kisanduku cha kampuni inayojua mabasi. Fremu ibaki.

Wengine watailaumu zana. Hapo pana ukweli kiasi, na kwa kuwa vijana wengi wa hapa nchini wanaingia kazi hii bila kuambiwa, nitasema ninachokijua. Sisi tulitumia Selenium, zana ya kuendesha kivinjari kwa skripti. Ilianza mwaka 2004 Chicago, kwa mkono wa Jason Huggins wa kampuni ya ThoughtWorks, na siku hizo ilikuwa inafanya kazi ikiwa ndani ya ukurasa wenyewe. Ndiyo maana ilibanwa na sheria kongwe ya vivinjari kwamba ukurasa wa anwani moja hauruhusiwi kuchungulia wa anwani nyingine. Fremu ya mgeni ilikuwa ukuta. Baadaye Simon Stewart akaleta WebDriver, inayokiamuru kivinjari kutoka nje kama mkono wa mtu, zana hizo mbili zikaunganishwa, na mwaka 2018 W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, likaifanya WebDriver kuwa kiwango rasmi. Tangu WebDriver ije, kuingia kwenye fremu ya mgeni kunawezekana kabisa, ukiwa na subira ya kuandika hatua zote za kuingia na kutoka. Zana nyingine, Cypress, inayopendwa na wengi kwa wepesi wake, inafanya kazi kutokea ndani ya kivinjari, na tovuti unayoipima yenyewe huwekwa ndani ya fremu. Ukitaka iingie kwenye fremu ya anwani nyingine utahangaika, na nimeona wapimaji wakiishia kuzima kinga ya kivinjari ili jaribio lipite. Hapo unakuwa umepima kivinjari ambacho hakuna abiria hata mmoja anacho. Playwright ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020, ndiyo iliyonipunguzia maumivu: unaiambia kwa mstari mmoja kwamba ndani ya fremu hii kuna kisanduku hiki, yenyewe inaingia, inasubiri mpaka kisanduku kiwe tayari, inaandika, na fremu ikichorwa upya inaitafuta upya. Ile "subiri sekunde tano" nimeifuta yote.

Lakini zana haikuwa ndiyo kosa. Selenium niliyokuwa nayo ilikuwa na uwezo wa kuingia. Mimi ndiye niliyeiagiza isiingie.

Tulichofanya baada ya siku ile ni hiki. Skripti za usiku ziliacha ukurasa wa bandia, zikarudi kwenye eneo la majaribio la wachakataji wenyewe, ambako wanatoa kadi za kupimia. Ipo moja maarufu inayoanza na 4 na kufuatiwa na 111 mara tano. Inakubaliwa kihesabu kama kadi ya Visa, ila haitoi hela ya mtu. Ni polepole, na wao wakiwa na hitilafu na sisi tunakuwa wekundu. Nimejifunza kukubali. Wakiwa na hitilafu, abiria naye ana hitilafu.

Pili, na hili ndilo ninalotamani kila mwenye huduma mtandaoni alifanye, kila saa moja skripti ndogo inafungua tovuti halisi, ile ile ya abiria, inakwenda mpaka ukurasa wa malipo, inaingia kwenye fremu, inatafuta kisanduku, inaandika tarakimu moja na kuangalia kama imeandikika. Basi. Hailipi, haishiki kiti, haimsumbui mtu. Inauliza swali la yule mama: kisanduku kipo? Isipokiona, simu yangu inalia hata kama ni saa tisa usiku. Kuiandika kulinichukua mchana mmoja.

Tunaikimbiza kwenye vivinjari vitatu, kwa sababu fremu haina tabia moja kila mahali. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Chrome ilibadili jinsi inavyovichukulia vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo za kumtambua mteja, vya tovuti iliyopachikwa ndani ya nyingine, na Safari ikavizuia kabisa mwezi Machi mwaka huo huo. Fremu inayomkumbuka mteja kwenye simu moja inaweza kumsahau katikati ya malipo kwenye simu nyingine, na mteja atakayepiga simu kulalamika ataambiwa ajaribu tena.

Niongeze dogo ambalo halikuwa kwenye mpango. Tulipoacha kuziita fremu kwa hesabu tulizipa majina, kila moja ikaandikiwa kichwa cha maneno ya kawaida: "Taarifa za kadi ya malipo". Skripti zikaacha kupotea. Wiki chache baadaye mteja mmoja asiyeona, anayetumia programu ya NVDA inayomsomea kioo kwa sauti, akapiga simu kutushukuru. Zamani, alisema, akifika pale alisikia neno "fremu" tu na hakujua imebeba nini, akawa anamwita mtoto wa jirani amlipie, maana yake anampa mtoto wa jirani kadi yake. Sasa anasikia ni ya kadi, anaingia mwenyewe. Hatukuwa tumemfikiria hata kidogo, na tulipaswa.

Sasa narudi kwa yule aliyehojiwa na gazeti lako. Niliporudi ofisini jioni ile nilifungua jedwali ambalo mabinti wa dawati la simu huandika malalamiko. Lilikuwa na safu ya tarehe, namba ya simu, na safu iliyoitwa "Tatizo". Kwa siku tisa safu hiyo ilikuwa na sentensi moja ikijirudia: mteja hajui kutumia mfumo. Nilikuwa nikiisoma kila asubuhi kabla ya chai na kupita. Safari hii nikasoma mstari kwa mstari mpaka nikakuta wa siku tatu nyuma, ambapo binti mmoja aliandika kirefu kidogo kuliko wenzake: "Mama anasema kisanduku hakipo. Hajui kutumia."

Ripoti kamili ya hitilafu, bora kuliko yoyote iliyoandikwa na idara yangu mwezi ule, ilikuwa imekaa kwenye jedwali letu siku tatu. Mama alisema kitu gani hakipo. Alisema kwa maneno mawili. Sisi tukaongeza mawili tukamgeuza yeye kuwa hitilafu.

Tulibadilisha jedwali. Binti anaandika maneno ya mteja kama yalivyotamkwa, hata yakiwa ya ajabu, na hukumu juu ya kosa ni la nani imeondolewa kwenye safu zake. Mimi na mwenzangu tunayasoma yote, na tunajibu kila moja kwa kufungua simu ya bei nafuu, ya aina wanayotumia abiria, na kufuata njia aliyopita. Simu hiyo tuliinunua Kariakoo. Nimegundua humo mambo ambayo kwenye kioo kikubwa cha ofisini nisingeyaona mpaka nastaafu: kwenye kioo chake kidogo ile fremu ilikuwa inakatika upande wa kulia, tarakimu tatu za nyuma ya kadi hazina pa kuandikwa, na mtu hawezi kuivuta pembeni kwa kidole kwa sababu kidole kinavuta ukurasa mkubwa badala yake. Jaribio la kiotomatiki lilikuwa limeandika humo usiku kucha bila shida, kwa kuwa lenyewe halina kidole.

Ninaziomba taasisi zinazoagiza mifumo, za serikali na za binafsi, zikiletewa ripoti kwamba majaribio yote yamefaulu, zimuulize aliyeileta: skripti iliingia kwenye fremu ya malipo, au iliangalia tu kama ipo? Ya wachakataji au ya bandia? Kwenye tovuti ya majaribio au hii wanayofungua watu? Swali hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya kazi kuanza, maana baada ya malipo ya mwisho hakuna anayekuwa na haraka ya kulijibu. Mpimaji mwaminifu hatachukia kuulizwa. Mimi ningeulizwa Novemba ningeona aibu nikatengeneza.

Sisemi kila aliyeko kwenye foleni ya Mbezi ametoka kwenye fremu iliyofungwa. Wapo wanaopenda kushika karatasi mkononi, na wapo wasio na kadi. Ila yule mama alifundisha hesabu darasa la saba kwa miaka thelathini na nne, alinieleza tukiwa tunasubiri. Simu yake alikuwa anaijua vizuri. Wajukuu wake wa Mwika anaongea nao kwa video kila Jumapili. Alilipa taslimu siku ile, akapata kiti cha nyuma kabisa juu ya injini, kwa sababu vile vya mbele vilikuwa vimeshachukuliwa katika siku tatu alizokuwa anabonyeza kitufe chetu.

Mwandishi wako akirudi Mbezi, namwomba akaribie mtu mmoja kwenye foleni, amsalimu, aombe kuona simu yake pale alipokwama.

Mpimaji wa programu,
Sinza, Dar es Salaam
(Jina nimemwachia mhariri)